Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tukio la Saratani ya Tezi Dume, Kuanzia Kikao cha Kwanza Hadi Ripoti ya Fedha

Kabla kamati haijachapisha fulana hata moja, kaeni mjibu maswali mawili. La kwanza: fedha tutakazochangisha zinakwenda kwa nani, na zikafanye nini? La pili: mwanaume atakayeondoka kwenye tukio letu akiwa na wasiwasi, kesho asubuhi aanzie wapi? Mkiwa na majibu, mengine yote, kuanzia mahema hadi vipaza sauti, ni kazi ya mikono tu.

Naanza hapo kwa sababu niliwahi kushiriki tukio lisilokuwa na jibu la swali la pili. Tulipima damu bure, foleni ikawa ndefu, tukafurahi. Majibu tukayatuma kwa ujumbe wa simu. Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja alikuja kunitafuta. Alitoa simu ndogo ya vitufe kutoka mfuko wa shati, akabonyeza taratibu, akanionyesha ujumbe wetu: herufi tatu, namba, na neno "juu". Alikuwa ameutunza muda wote ule, hajaufuta wala hajamwonyesha mtu, hata mkewe. Hakujua ampelekee nani, na sisi hatukuwa tumemwambia. Nilimsindikiza kwa daktari wiki ileile, lakini miezi aliyokaa na ule ujumbe mfukoni nimeibeba mpaka leo. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Hatua ya kwanza: ujueni ugonjwa kabla ya kuusemea

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, imeuzunguka mrija unaotoa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 wanaume takriban milioni 1.47 duniani waligundulika kuwa na saratani ya tezi hii, na karibu 397,000 walifariki kwa sababu yake. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba wagonjwa wapya kwa mwaka wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, sababu kubwa ikiwa ni kwamba watu wanaishi umri mrefu zaidi. Takwimu hizo zinatosha kwa hotuba ya ufunguzi. Yanayofuata ndiyo kila mwanakamati anatakiwa kuyajua vizuri kiasi cha kuyaeleza akiwa amesimama mlangoni.

Saratani hii ikiwa changa, mara nyingi haina dalili yoyote. Kuamka usiku kukojoa, mkojo kutoka kwa kusuasua, kuhisi kibofu hakijaisha: mara nyingi hayo husababishwa na tezi kutanuka kwa umri, jambo ambalo si saratani. Kwa hiyo bango linalosema "Ukiona dalili hizi, nenda hospitali" linafanya nusu ya kazi, na nusu nyingine linapotosha, maana mwanaume asiye na dalili analisoma na kujihesabu salama. Andikeni umri na historia ya familia kwa herufi kubwa, dalili zifuate chini. Mwenye dalili bado aende hospitali, na damu kwenye mkojo au maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha ni mambo ya kuharakisha.

Hatari hupanda kadiri umri unavyosogea, hasa kuanzia miaka 50. Ambaye baba au kaka yake aliugua ana hatari takriban mara mbili ya wengine. Wanaume weusi wenye asili ya Afrika wanaugua zaidi, na mara nyingi mapema zaidi. Lipo pia jambo ambalo watu wengi hawalijui: mabadiliko ya kurithi katika jeni ya BRCA2, ileile inayotajwa kwenye saratani ya matiti, humwongezea mwanaume hatari ya saratani ya tezi dume. Familia ambayo mama, shangazi na dada wameugua saratani ya matiti au ya ovari ina sababu ya kuwatazama watoto wake wa kiume pia. Nimewaona akina mama wakiyasikia haya wanageuka kumtazama kijana aliyeketi pembeni yao. Ukumbi usiokuwa na akina mama umepoteza wajumbe wake bora.

Kipimo kinachozungumzwa sana ni cha damu, kinaitwa PSA. Kinapima protini inayotengenezwa na tezi dume. Protini hiyo hupanda mtu akiwa na saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo, kwa tezi kutanuka na kwa umri. Kati ya wanaume wanne ambao kipimo chao kimekuwa juu, takriban watatu hukutwa hawana saratani. Na kati ya saba ambao kipimo kimesomeka kawaida, mmoja huenda anayo. Ndiyo maana miongozo ya nchi mbalimbali haifanani. Kwa mfano, jopo la kitaifa la Marekani la huduma za kinga lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mwanaume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari kuhusu faida na madhara, na kwamba wa miaka 70 na kuendelea wasipimwe kama utaratibu wa kawaida. Tafuteni mwongozo wa wizara ya afya ya nchi yenu, muufuate huo.

Na juu ya tiba, ondoeni hofu kwa ukweli, msiiondoe kwa maneno matamu. Utafiti wa Uingereza unaoitwa ProtecT uliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa 2023, yalionyesha kwamba takriban asilimia 97 hawakufa kwa ugonjwa huo, wawe walifanyiwa upasuaji, walipewa mionzi au walifuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa mara moja. Hao ni waliogundulika mapema. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997 na akaishi hadi 2021, akiwa na miaka 90. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, akafariki 2013 akiwa na miaka 95. Mifano hiyo miwili hutuliza ukumbi kuliko chati yoyote.

Hatua ya pili: chagueni lengo moja

Kamati nyingi hutaka kuchangisha, kuelimisha, kupima na kuburudisha kwa siku moja. Chagueni moja liwe kuu, mengine yalisindikize. Kama ni kuchangisha, andikeni sentensi moja inayosema fedha ni za nini: nauli na malazi ya wagonjwa wanaosafiri kufuata mionzi, gharama za vipimo kwa wasioweza kulipa, mashine fulani kwa zahanati fulani, au utafiti. "Kusaidia mapambano dhidi ya saratani" haitoshi, kwani mchangiaji hawezi kurudi baadaye kuuliza mapambano yamefikia wapi. Mkishaandika sentensi hiyo, nendeni kwa mpokeaji mpate barua yake ya kukubali kabla ya kutangaza, ikieleza atapokea kwa akaunti gani na atawapa ripoti ya aina gani.

Kampeni ya Movember, inayojulikana sasa duniani kwa masharubu ya mwezi Novemba, ilianza Melbourne, Australia, mwaka 2003 na wanaume 30 waliofuga masharubu bila kuchangisha hata senti. Mwaka uliofuata ndipo walipoamua kuyafanya masharubu yawe na kazi, wakachangisha kwa ajili ya taasisi ya saratani ya tezi dume ya nchi yao. Si lazima mwaka wa kwanza uwe mkubwa. Unatakiwa uwe na mpokeaji.

Hatua ya tatu: kamati

Watu saba wanatosha. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Awepo muuguzi au daktari wa kuhakiki kila neno litakalochapishwa, awepo mwanaume aliyeugua, na awepo mwanamke mwenye sauti, si wa kuandaa chai tu. Aliyeugua muulizeni kwa faragha kama yuko tayari kusimama mbele za watu, na akikataa asiulizwe tena.

Hatua ya nne: siku, mahali na aina ya tukio

Katika nchi nyingi Septemba ndio mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya tezi dume, na utepe wake ni wa bluu iliyofifia. Miezi hiyo miwili, Septemba na Novemba, vyombo vya habari husikiliza kwa urahisi zaidi. Lakini ukumbi mzuri siku ambayo wanaume wako kwenye mechi hautawasaidia. Wanaume huwa hawafuati semina ya afya, kwa hiyo semina iwafuate wao: uwanjani wakati wa mapumziko, kwenye nyumba za ibada baada ya ibada, kwa vinyozi, vijiweni, maeneo ya kazi. Kinyozi aliyefundishwa mambo matatu ya kusema huzungumza na wanaume wengi kwa mwezi kuliko kongamano letu la siku moja.

Aina ya tukio itokane na watu mlio nao. Matembezi ya hisani yana gharama ndogo na yanaingiza rika zote. Bonanza la mpira linavuta vijana, nao ndio watakaowapelekea baba zao vipeperushi. Chakula cha jioni cha mchango kinaingiza fedha nyingi kutoka kwa watu wachache, ila kinahitaji mshereheshaji makini na mapato yake hutegemea ahadi. Mnada wa vitu vilivyotolewa bure hufanya vizuri ukiwekwa ndani ya tukio jingine.

Mbio za baiskeli nazo zinapendwa, na hapa kuna tahadhari ambayo waandaaji wengi hawaijui. Mazoezi makali, hasa kuendesha baiskeli, yanaweza kupandisha PSA kwa muda. Mwanaume anatakiwa ayaepuke kwa saa 48 kabla ya kutoa damu, na vivyo hivyo kumwaga shahawa. Aliyekuwa na maambukizi ya mkojo asubiri takriban wiki sita. Kumshusha mtu kwenye baiskeli na kumpeleka moja kwa moja kwenye hema la vipimo ni kumtafutia hofu isiyo na sababu.

Hatua ya tano: fedha

Hapa ndipo jina la kamati hujengwa au kuvunjwa, na ndipo nisipopenda mzaha hata kidogo.

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu, na kila malipo yahitaji wawili kati yao. Namba ya kupokea fedha kwa simu isajiliwe kwa jina la kikundi pia. Mchango ukiingia kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani, siku akiumwa au akibadilisha laini mtabaki mnajieleza. Ulizeni mapema mamlaka husika kama mnahitaji kibali cha kuchangisha hadharani, na msiendeshe bahati nasibu bila kujua sheria yake, maana katika nchi nyingi ina leseni yake.

Tengenezeni bajeti yenye safu mbili. Ya kwanza ni gharama za tukio: ukumbi, ulinzi, huduma ya kwanza, usafi, maji, uchapishaji. Ya pili ni fedha za mpokeaji. Gharama za safu ya kwanza zitafutiwe wadhamini, ikiwezekana kwa vitu badala ya fedha: mwenye mahema atoe mahema, mwenye matbaa achapishe. Mkifanikiwa mnaweza kuandika kwenye tangazo kwamba kila mchango utamfikia mpokeaji wote, na maneno hayo huchangisha kuliko sura ya mtu maarufu. Msipofanikiwa, semeni wazi ni sehemu gani itagharimia tukio.

Siku yenyewe, stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana. Masanduku ya michango yafungwe kwa lakiri, na namba ya kila lakiri iandikwe daftarini. Jioni, fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa familia moja, mezani, mlango ukiwa umefungwa, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, kisha wabadilishane. Namba zikifanana, wote wawili watie saini na fedha zipelekwe benki kwa mara ya kwanza itakapofunguliwa. Zisipofanana, hakuna anayekwenda nyumbani. Kazi hii huchukua muda mrefu na inachosha, lakini fanyeni hivyo hata kama mmechangisha kidogo.

Ahadi na fedha taslimu ni vitu viwili. Mtu akiahidi, andikeni jina lake, kiasi, tarehe aliyoitaja na namba ya simu, kisha mkumbusheni ndani ya wiki mbili kwa heshima. Mkitangaza jumla, tangazeni zilizoingia na zilizoahidiwa kwa mistari tofauti.

Kuna wadhamini wa kukataliwa. Watakuja wauzaji wa dawa "zinazomaliza tezi dume bila upasuaji", watataka meza karibu na lango, na watalipa vizuri. Wakataeni wote. Mwanaume anayekuja kwenu anakuja akiwa ameziamini nembo zilizo kwenye bango lenu. Akinunua chupa ile na kurudi nyumbani kusubiri, mmemchelewesha ninyi. Kampuni za tumbaku nazo hazina nafasi kwenye tukio la saratani.

Hatua ya sita: kupima au kutopima

Ushauri wangu kwa kamati changa ni huu: mwaka wa kwanza msipime. Elimisheni, changisheni, na kila anayetaka kipimo apewe kadi yenye jina la kituo, siku za kliniki, nani wa kumwona na takriban gharama, mkiwa mmeshazungumza na kituo hicho na kinajua watu wanakuja. Wekeni meza ya muuguzi pembeni, yenye viti viwili na pazia, kwa mwenye swali lake.

Mkiamua kupima, iwe chini ya kituo cha afya kilichosajiliwa, si kamati. Kila mwanaume apate maelezo kabla ya sindano: kipimo kinaweza kuonyesha nini, hakiwezi kuonyesha nini, na nini kitafuata kikiwa juu. Mara nyingi kinachofuata ni kurudia kipimo, kisha picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku) pale inapopatikana, na kuchukua vinyama vya tezi ili vichunguzwe. Aseme mwenyewe kama anataka kuendelea, atie saini, na mwenye kughairi asibembelezwe. Fomu zisijazwe foleni nzima ikisikiliza, swali la "Je, baba yako alifariki kwa nini?" halijibiwi mbele ya watu thelathini. Majibu yatolewe ana kwa ana, au kwa simu ya mhudumu wa afya, na kila ambaye majibu yake yako juu apewe tarehe ya miadi palepale kabla ya mazungumzo kuisha. Taarifa zao zisiingie kwenye makundi ya kamati ya simu, hata kwa nia njema.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Ratiba iwe fupi. Aliyeugua azungumze kwanza, dakika kumi, kwa maneno yake. Daktari afuate, dakika kumi na tano, bila slaidi zenye majina ya Kilatini. Viongozi wasalimie, wasihutubie.

Maswali yakusanywe kwa karatasi. Gaweni vipande vidogo na kalamu mlangoni, kila mtu apewe, hata asiyetaka kuuliza, ili mwenye swali asijulikane. Sanduku lizungushwe. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, ukumbi ambao haukuwa na mkono hata mmoja juu ulitoa vikaratasi tele, vingine vimekunjwa mara nne. Cha kwanza muuguzi alichokifungua kilikuwa na mwandiko wa kutetemeka: "Nikikatwa, nitaendelea kuwa mume?" Kukawa kimya. Daktari hakulizunguka swali. Alisema upasuaji na mionzi vinaweza kupunguza nguvu za kiume na kuleta shida ya kuzuia mkojo. Kwamba kwa wengine hali hurudi baada ya miezi na kwa wengine hairudi kikamilifu. Kwamba zipo dawa, vifaa na mazoezi ya misuli ya nyonga. Na kwamba si kila mgonjwa anahitaji kukatwa. Mwambieni daktari wenu mapema kwamba swali hilo litakuja, na ajibu hivyo, kwa ukweli wote.

Mshereheshaji apewe sharti moja: hakuna utani kuhusu kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ukumbi utacheka, na mwanaume aliyekuwa ameanza kujipa moyo atajifunga tena. Aeleze tu kwamba katika vituo vingi sasa hatua ya kwanza ni damu, na kwamba daktari akihitaji kutumia kidole, uchunguzi huo ni mfupi na unafanyika faragha.

Mpangeni pia mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kusimama karibu na njia ya kutokea. Wanaume wengi huuliza swali lao la kweli wakiwa tayari wamesimama kuondoka.

Hatua ya nane: kuanzia kesho yake

Ndani ya siku saba wapigieni wadhamini na waliojitolea, muwashukuru kwa majina. Ndani ya siku thelathini toeni ripoti ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichokabidhiwa, pamoja na barua ya mpokeaji ya kuthibitisha. Ibandikeni pale tangazo lenu lilipokuwa. Ahadi ambazo hazijalipwa ziandikwe hivyo.

Kisha kuna daftari la wale walioacha namba zao wakiomba msaada wa kufika kituoni. Mgawieni muuguzi na wanakamati wawili wenye subira, kila mmoja majina yasiyozidi kumi. Wapige simu wiki ya pili na wiki ya sita, waulize jambo moja tu: "Ulifika?" Asiyefika aulizwe kilichomzuia, iwe nauli, kazi au woga, na kama ni nauli itolewe kwenye fungu mlilolitenga. Asiyepokea apigiwe tena saa nyingine, jioni, akiwa ametoka kazini. Kila aliyefika awekewe alama mbele ya jina, na daftari lisifungwe mpaka la mwisho liwe na alama yake.